Springi Nilizozipima Mwezi wa Saba

Mtu akikaa vibaya juu ya chombo, mgongo ndio unaoumia kwa niaba ya viungo vingine vyote. Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza kwa kila aliyeingia gereji yetu kule Edmonton, kaskazini mwa London, awe mteja au fundi mgeni, nami nilikuwa nalitoa bila kuombwa. Nilipenda kueleza. Bado napenda. Ukinipa mtu mmoja na kikombe cha chai nitamweleza shokapu inavyofanya kazi mpaka chai ipoe, na nitamtia moyo njia nzima: uliza, usiogope, hakuna swali la kijinga.

Gereji yenyewe ilikuwa banda refu la bati nyuma ya safu ya nyumba zilizoshikana, karibu sana na reli. Kila treni ikipita, spana zilitikisika ukutani. Nilifika hapo katikati ya miaka ya tisini nikitokea Moshi, kwa kupitia chuo kimoja cha ufundi ambako viza yangu iliisha kabla ya masomo. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza siti na springi za pikipiki, hasa za matarishi, wale waliokuwa wakipenya foleni za London na bahasha mgongoni. Tulikuwa watatu tu. Alikuwepo tajiri wetu, Mwingereza mnene mwenye kiuno kibovu. Nilikuwepo mimi. Na alikuwepo kaka mmoja kutoka Bukavu, aliyenizidi miaka kama kumi, ambaye kabla ya vita alikuwa dereva wa lori kwenye barabara za matope za kwao. Mimi nilimwita kaka. Yeye aliniita mwalimu, kwanza kwa utani, kisha kwa mazoea, na mwisho, nadhani, kwa imani.

Tofauti yetu kubwa ilikuwa karatasi. Kaka alikwisha kukubaliwa kuwa mkimbizi, akapewa hati ya kusafiria. Mimi pasipoti yangu ilikuwa ndani ya faili, faili lilikuwa katika idara ya uhamiaji, na habari zake ziliishia hapo. Ruhusa ya kufanya kazi nilikuwa nayo. Ruhusa ya kutoka na kurudi sikuwa nayo. Kila Jumapili baada ya ibada nilinunua kadi ya simu, nikakwangua namba, nikampigia mama. Moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka, miguu ilimvimba.

"Unakuja lini?" aliniuliza kila mara.

"Karibuni, mama."

Wakili wangu aliniambia kwamba kitu kimoja kingeweza kulisukuma faili: barua ya mwajiri, yenye kusema kwamba ufundi wangu haupatikani kirahisi. Nilimpelekea tajiri ombi hilo. Alikuna kidevu, akasema tutaona.

Ndipo zikaja pikipiki za theluji.

Kama hujawahi kuiona, ifikirie hivi. Ni pikipiki isiyo na magurudumu. Mbele ina mbao mbili za kuteleza, ziitwazo skii, na usukani unageuza hizo. Nyuma, chini ya siti, kuna mkanda mpana wa mpira wenye meno unaozunguka na kuisukuma mashine mbele. Tajiri alikuwa mwanachama wa kikundi cha wazee wenzake waliokwenda Uswidi kila mwezi wa pili, kupanda mashine hizo kwenye njia za msituni. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili alikuwa nazo mbili, akizihifadhi kwetu kipindi cha joto. Moja ilikuwa ya mtindo wa zamani. Nyingine ilikuwa mpya kabisa, ya mtindo uliokuwa ndio kwanza umetoka. Alitaka ajue ipi inakifaa kiuno chake.

"Wewe unatoka kwenye mlima wa theluji," aliniambia huku akicheka. "Lazima unazijua hizi."

Theluji ya Kilimanjaro nilikuwa nimeiona maisha yangu yote kama unavyouona mwezi. Lakini springi ni springi, nikasema. Nikaanza kuzisoma mashine zile kama msahafu.

Tofauti ilianzia kwenye kukaa. Kwenye ile ya zamani siti ilikuwa chini na nyuma. Unakaa kama mtu aliyejilaza kwenye sofa, miguu umeitupa mbele, mikono unaivuta kwenye usukani. Kwa safari ndefu ya njia iliyonyooka ni raha, sikatai. Lakini ukigonga tuta, miguu haiwezi kukusaidia kwa sababu iko mbali mbele yako, na pigo lote linapanda kwenye uti wa mgongo kana kwamba wewe ni gunia. Ile mpya ilimsogeza mtu mbele na juu. Magoti yanakunjwa, nyayo zinakaa chini ya mwili, nawe uko kama mtu anayetaka kuinuka kigodani kumpokea mkwe mlangoni. Tuta likija unanyanyuka kidogo tu, na miguu yako yenyewe inakuwa springi ya pili.

Nilimweleza kaka yote hayo. Akazipanda zote mbili, moja baada ya nyingine, pale pale sakafuni.

"Mwalimu, nimesikia," alisema. "Hii kiti ya zamani iko ya mutu ameshiba. Hii ya mupya iko ya mutu amesikia polisi ku mulango."

Tulicheka mpaka tajiri akatoka ofisini kuuliza kuna nini.

Tajiri akatoa ahadi siku hiyo. Alisema mbele yetu wote wawili: "Ziwekeni sawasawa. Nikienda na kurudi na kiuno changu kizima, barua yako naandika siku hiyo hiyo." Tangu hapo kila nati niliyoikaza ilikuwa ya safari ya Moshi.

Sasa, kuziweka springi kunahitaji watu wawili, na kama unaanza kazi hii nakusihi usijaribu peke yako. Unainyanyua mashine mpaka springi zinyooke kabisa, unapima kutoka sakafuni hadi bampa. Kisha unaishusha, mwenzako anapanda na kukaa kama atakavyokaa njiani, unapima tena. Ukiondoa kipimo cha pili kwenye cha kwanza unajua imezama kiasi gani. Ikizama kidogo mno, springi ni ngumu, itamrusha mpandaji. Ikizama kupita kiasi, hakuna nafasi iliyobaki ya kumeza tuta. Chuma kitagonga chuma. Halafu kuna mshipi mdogo wenye matundu ndani ya mkanda wa nyuma. Ukiukaza, skii zinakandamiza theluji na mashine inakata kona vizuri, ingawa usukani unakuwa mzito. Ukiulegeza, usukani unakuwa mwepesi, lakini ukizidisha, mashine haisikii. Unageuza, yenyewe inakwenda moja kwa moja.

Kaka ndiye aliyekuwa mwili wangu wa kupimia, maana alilingana na tajiri kwa uzito. Ulikuwa mwezi wa saba, bati la gereji likiwaka. Alikaa juu ya ile mashine mpya na singlendi na kaptula, jasho likimtiririka, nami nilipiga magoti na futi mkononi, nikieleza.

"Mwalimu," alisema, "sasa kule ku baridi, mutu ataka…"

"Subiri, kaka, nafika huko," nikamwambia. Nikaendelea na mshipi.

Sikufika huko. Nilieleza mshipi, nikaeleza shokapu za mbele, nikaeleza kwa nini siti ya mbele inataka springi za mbele ngumu zaidi. Kaka alitikisa kichwa kukubali kila mahali palipostahili. Nilipomaliza nilichukua chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, nikapiga mstari mwembamba juu ya kila nati na chuma chake, ili mtu yeyote akiilegeza mstari ukatike na ijulikane. Kila kipimo nikakiandika kwenye daftari.

Mwezi wa pili ulipofika tajiri alihitaji fundi wa kwenda naye. Pasipoti yangu unajua ilipokuwa. Kaka akaenda na hati yake. Niliwasaidia kupakia trela, nikamkabidhi daftari, nikamwambia jambo moja tu: aniletee habari.

Waliporudi nilimpokea mlangoni.

"Enhe, kaka?"

"Iko muzuri, mwalimu. Iko muzuri kabisa."

Nikazikagua. Mistari yangu myekundu ilikuwa palepale, kila mmoja. Nilihisi kitu ambacho mwanafunzi anakihisi karatasi ikirudi na alama zote. Nikamwendea tajiri kuhusu barua. Alikuwa amekaa kwa kuinama upande.

"Mwaka ujao tuone," alisema.

Nilidhani ni choyo. Wazungu, nikasema moyoni, wakishapata wanasahau. Mwaka wa pili ulikuwa vilevile: vipimo vyangu, mistari yangu, Uswidi, kurudi, "iko muzuri, mwalimu," na tajiri anaangalia pembeni. Nilinunua kadi ya simu nikamwambia mama karibuni.

Mama alifariki mwezi wa kwanza wa mwaka wa tatu. Dada yangu ndiye aliyepiga simu. Sikuweza kwenda, ningekwenda nisingerudi, na wote kule walikuwa wakiniambia nisiharibu miaka yote kwa maziko ambayo hata hivyo yangenipita. Kaka alikuja kwenye chumba changu, akakaa nami siku tatu, akipika chai, akifungua mlango kwa watu wa kanisani, akijibu simu nilizoshindwa kuzishika. Siku ya tatu usiku aliosha vikombe vyote, akaniaga, na wiki chache baadaye akaenda Uswidi na tajiri kama kawaida.

Trela liliporudi sikumuuliza kitu. Nilijilaza tu chini ya mashine mpya na kurunzi, kwa sababu kazi ilikuwa kitu pekee nilichojua kufanya. Mwanga ulipopiga kwenye nati ya nyuma niliona kwamba nyekundu ile haikuwa nyekundu yangu. Ilikuwa imeelekea upande wa waridi. Nikaikwangua kwa kucha. Chini yake kulikuwa na tabaka lingine, na chini ya hilo, limekatika katikati, tabaka langu la mwanzo. Nikaenda kwenye nati ya pili. Nikaenda kwenye mshipi. Kote ilikuwa hivyo.

Niliingia ofisini kwa tajiri nikiwa bado na kurunzi inayowaka.

"Nani amefungua springi zangu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Mwenzako. Kila mwaka, asubuhi ya kwanza, anazifungua zote. Mwaka wa kwanza kabla hajazifungua nilikwenda moja kwa moja kwenye kona nikaingia kwenye misonobari. Siku hiyo ndiyo kiuno hiki kiliharibika kabisa."

"Hakuna aliyeniambia."

"Nilidhani unajua. Yeye husema ni baridi inayozibadilisha. Sikiliza. Ningeandikaje kwamba ufundi wako haupatikani, na kila mwaka namwona mwenzako amelala kwenye theluji anaurudia?"

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba kwa upande wake alikuwa na haki.

Kaka alikuwa akifuta trela kwa tambara. Nikasimama mbele yake.

"Kaka, ile rangi amepaka nani?"

"Rangi gani, mwalimu?"

"Kaka."

Aliliweka tambara chini, akalikunja vizuri kwanza. "Ni mimi. Ya bibi yangu." Kwao bibi ni mke. "Sikupata ile ya kwako."

"Unazifungua kule, halafu unazirudisha kwenye alama zangu kabla hamjapakia?"

"Ndiyo."

"Miaka mitatu."

"Mitatu."

"Zilikuwa na kosa gani?"

"Nyuma inazama, mwalimu. Kule mutu anavaa nguo ya baridi ya mwili muzima, nzito. Viatu vya chuma ndani. Kofia. Mugongoni ana mufuko na koleo ndani, na nyuma ya kiti tunafunga madumu mbili ya mafuta. Nyuma inakaa chini, mbele inanyanyuka, kona haishiki. Mi nakaza nyuma mara mbili, navuta mushipi tundu moja. Basi."

Lilikuwa jambo dogo hivyo. Nilikuwa nimempima mtu aliyevaa singlendi. Mwezi wa saba, Edmonton, nikitokwa jasho, sikuwahi kufikiri kwamba mpandaji wa theluji atavaa nguo, na mtu aliyejaribu kuniambia nilimwambia asubiri.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Wewe ndiye ulinifundisha hii kazi. Mutu anamwambia mwalimu wake, hesabu yako iko mubaya? Mbele ya muzungu?"

"Si mbele ya mzungu. Hapa. Mimi na wewe, na chai."

"Hapa na chai," alisema taratibu, "wewe ndiye unasema."

Treni ikapita. Spana zikatikisika ukutani, tukangoja zitulie.

"Ulijua habari ya barua," nikasema. "Ulikuwepo alipoahidi."

"Nilisema, nikitengeneza na kurudisha, hakuna mutu atajua. Muzungu atafurahi, ataandika, na wewe hautapata haya. Nilisema nakufunika, mwalimu."

"Mama yangu amekufa, kaka."

"Najua. Nilikuwa pale."

Nilitaka kumpiga. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu watu wakisimulia habari kama hizi hujipa hekima ambayo siku yenyewe hawakuwa nayo. Nilitaka kumpiga mtu aliyenioshea vikombe. Badala yake nilikwenda kwenye kabati, nikatoa lile vazi zito la Uswidi, viatu, kofia, mfuko wenye koleo, nikamtupia.

"Vaa."

Akavaa vyote, pale pale. Nikajaza maji kwenye madumu mawili nikayafunga nyuma ya siti. Akapanda. Nilipiga magoti na futi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilipima bila kueleza chochote. Bampa ilikuwa imeshuka vidole vitatu chini ya kipimo changu cha zamani. Nikakaza nyuma mara mbili. Nikavuta mshipi tundu moja. Nikapima tena, ikakaa sawa, pale pale alipokuwa akiiweka yeye miaka yote kwa kutumia makalio yake tu na kumbukumbu ya malori. Nikaandika kwenye daftari, nikapaka rangi.

Msimu uliofuata waliporudi, kaka alikuja kwangu moja kwa moja, hata koti hajavua.

"Sasa iko muzuri, mwalimu. Sikugusa kitu. Kweli ya Mungu."

Nilichukua kurunzi nikaingia chini. Nilikagua nati moja moja, nikikwangua kila mstari kwa kucha, na yeye akasimama pale muda wote akiitazama miguu yangu. Hakuna mstari uliokatika. Nilipotoka aliniuliza kama nimeridhika. Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo akiniambia chai ina sukari, naonja kwanza.

Tajiri aliiandika barua mchana uleule. Ilikuwa nusu ukurasa. Alisema ndani yake kwamba nina ufundi wa namna ya kipekee katika kulinganisha mkao wa mpandaji na springi zake. Faili likasogea, na mwaka uliofuata pasipoti ikarudi kwa posta, pembe zake zimekunjamana.

Nilikwenda Moshi. Mama mdogo, mdogo wake mama, alinipeleka kihambani nyuma ya nyumba, kwenye kaburi katikati ya migomba. Saruji ilikuwa imeshaanza kuota kijani pembezoni. Tulikaa kwenye vigoda viwili. Akaniuliza ni kazi gani hiyo ya Ulaya iliyoshindwa kunipa ruhusa miaka yote.

Basi nikamweleza. Nilianza na mashine isiyo na magurudumu, nikaja kwenye kukaa nyuma na kukaa mbele. Nikainuka kwenye kigoda kumwonyesha magoti. Nikaeleza springi, mshipi, nguo nzito, barua. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kama ninavyojua. Yeye alitikisa kichwa kila mahali palipostahili.

"Nimeelewa, baba," alisema nilipomaliza.

Nikamtazama. Nilikuwa nimeuona mtikisiko huo wa kichwa miaka mitatu mfululizo.

"Mama mdogo, niambie ukweli. Umeelewa?"

Alikivuta kigoda chake kidogo, akaondoa jani kavu lililoangukia juu ya saruji.

"Nilichoelewa," alisema, "ni kwamba hukuja."